Upanga mrefu wa Wajerumani: kazi huanza panga zinapogongana

Karibu kila mgeni anayekuja mazoezini kwangu huuliza kama upanga ni mzito. Si mzito. Upanga mrefu wa mikono miwili wa karne ya 15 kwa kawaida huwa na kilo moja na nusu hivi. Kinachomchosha mgeni ni kukaza mwili mzima kana kwamba anapasua kuni.

Tunafuata mafundisho ya Johannes Liechtenauer, mwalimu wa upanga wa Kijerumani anayedhaniwa kuishi karne ya 14. Yaliyotufikia kutoka kwake ni mashairi tu, tena ya mafumbo, yaliyofumbwa makusudi ili ujuzi usizagae. Nafuu yetu ni waliokuja baadaye wakayafafanua, akiwemo Sigmund Ringeck. Hakuna mwalimu aliyeupokea ujuzi huu mkono kwa mkono hadi leo, urithi ulikatika. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kusoma, kujaribu sentensi kwa chuma, kisha kubishana. Anayetaka kupigana tu hatadumu nasi.

Chukua pigo liitwalo Zornhau. Mwenzako anakukata kutoka juu, kuliani kwake. Nawe kata vivyo hivyo kutoka kuliani kwako, panga zigongane. Hapo usikimbilie kusukuma. Pima kwa mikono: upanga wake umelegea au umekaza? Ukiwa umelegea, peleka ncha moja kwa moja usoni au kifuani. Ukiwa umekaza na unakusukuma kando, usishindane nao: inua wako utoke juu ya wake, ukate upande wa pili. Nguvu zake zimeshampeleka kusikofaa, na kichwa kiko wazi. Hata mtu mdogo humweza jitu hapa, mradi akutanishe sehemu ya upanga wake iliyo karibu na mpini, yenye nguvu, na ile dhaifu ya mwenzake iliyo karibu na ncha. Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua, ndiyo maana tunayarudia polepole miezi na miezi. Vijana hukereka sana.

Swali la vifaa lina jibu fupi. Usianze na upanga. Nunua barakoa inayokinga hadi kisogo, kisha glavu ngumu, maana vidole hupigwa mno, halafu koti nene. Upanga wa mazoezi, Feder, una bapa linalopinda ncha inapomgusa mtu. Ule wa kutundika ukutani haupindi hivyo, na kwangu hauingii ukumbini.