Je, wajua kwa nini friji ya wati 100 inaangusha inverta ya wati 500?

Ami yangu ana Hiace kuukuu, ilipiga ruti ya Bububu hapa Unguja miaka na miaka, sasa imestaafu. Mwaka huu akang'oa viti vya nyuma akasema anaifanya duka la juisi na barafu za ubuyu, awe anaipeleka Paje na Jambiani, wageni wapo na watoto wakitoka skuli wapo. Akanunua friji ya mtumba, ile ile ya kuweka jikoni nyumbani, ubavuni imeandikwa wati 100. Akanunua na inverta ya wati 500, kile kidude kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, maana kwa hesabu yake 500 ni mara tano ya 100 na chenji inabaki. Betri hakununua, akatumia ile ya kuwashia gari.

Siku ya uzinduzi akaniita. Akabonyeza swichi, friji ikasema "nng", inverta ikalia piiii, kimya. Akabonyeza tena, piiii, kimya. Akanigeukia: "Mwanangu, si wewe uliyesomea umeme? Mbona hesabu iko sawa na kitu hakitaki?"

Nkamwambia ami, umewahi kushua dau? Dau likiwa juu ya mchanga mnakuwa watu kumi, mnaimba, mnasukuma mpaka mishipa ya shingo inatoka, halafu likishagusa maji mtoto mmoja analisogeza kwa mkono. Kompresa ya friji, ile mota yake inayobana gesi, ndo hivyo hivyo. Zile wati 100 ni za dau lililokwisha ingia majini. Pale mota inapoanza kuzunguka kutoka kwenye kusimama kabisa, inavuta umeme mara tano, mara nane, hata zaidi ya ule wa kawaida, kwa muda mdogo sana, hata sekunde haifiki. Kwa hiyo friji ya wati 100 kwa kitambo hicho inadai 600, 800, na nyengine zinapita 1000. Umeme wa ukutani haushtuki, nyuma yake kuna mtambo mzima. Inverta ya 500 inaona huu mzigo si wangu, inajizima.

Na kuna jambo watu hawalijui, ukibonyeza tena hapo hapo kama alivyofanya ami unazidi kuharibu. Kompresa ikisimama, gesi upande mmoja bado imebanwa na upande mwengine haijabanwa, sasa ukiiwasha inabidi isukume dau na watu wamekaa ndani. Inataka kupumzishwa dakika tatu mpaka tano presha zilingane. Ndo maana kile kidude cha friji gadi umeme ukirudi kinahesabu dakika kadhaa kwanza ndo kiruhusu, si kwamba kibovu, watu wengi wanakitoa wanasema kinachelewesha.

Basi tukabadilisha inverta, tukatafuta ya 1500 tena ile ya pyua saini, yaani inayotoa wimbi laini kama la umeme wa nyumbani. Zile za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, taa na chaja za simu hazijali lakini mota inanguruma, inapata moto na haiishi umri wake. Hapa usibane pesa, bana kwengine. Friji mpya zenye kompresa ya inverta, zile zinazojiwasha polepole, hazina hili teke la mwanzo, ukiweza kuipata hiyo nusu ya tabu imeondoka. Lakini kwenye mtumba unachagua ulichokikuta.

Friji ikawaka. Ami akafurahi, akaiacha usiku kucha na soda ndani. Alfajiri si inverta imezima tu, hata gari haiwaki.

Hapa sasa ndo penye mambo. Friji haifanyi kazi muda wote, inawaka, ikipata baridi inazima, inawaka tena. Kwa joto letu, tena mwezi wa pili wa kaskazi, na mlango unafunguliwa kila dakika kwa barafu ya mia mbili, uikadirie inawaka nusu ya siku. Wati 100 kwa masaa 12 ni wati-saa 1200. Inverta nayo ina mdomo wake, ikigeuza volti 12 kuwa 230 inapoteza asilimia kumi na kitu, na hata friji ikiwa imelala yenyewe inaendelea kula wati 10 au 20 kwa kukaa macho tu. Weka 1500 kwa siku. Na kama friji ni ile isiyogandisha kuta, ile ya "nofrosti", ndani ina hita ya kuyeyushia barafu, inajiwasha wakati wake bila kukuuliza na inaweza kula mara mbili ya kompresa, ikikukuta saa nane ya usiku utajua.

Betri moja ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa, ukizidisha, ina 1200. Lakini hiyo ni ya kwenye karatasi, betri za maji na asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema, kwa hiyo halali yako ni 600. Gawa kwenye 1500 ya siku, unapata masaa tisa na nusu hivi. Yaani umeme ukikatika saa mbili za usiku, betri inakata roho karibu na adhana ya alfajiri. Na hiyo ni betri mpya ya sola. Ile ya gari ya ami ni ndogo zaidi, na haikutengenezwa kwa kazi hii, sahani zake nyembamba, kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari iwake basi, ukiikamua usiku mzima mara chache tu unaitupa.

Yakhe, usifikiri tabu hii ni ya ami peke yake. Wamarekani wana yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, wanayaita motahomu. Zamani karibu yote yalikuwa na friji za gesi, hazina kompresa wala mota, moto mdogo unachemsha amonia na maji na baridi inapatikana. Ukisikia hivi unaona mazingaombwe lakini ni kweli, waliobuni ile isiyo na pampu ni vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi. Mtungi mmoja wa gesi unakwenda siku nyingi na betri karibu haiguswi. Ila zina masharti, gari lazima likae sawa lisiinamie upande, kwenye joto zinachelewa kupoza, na bei yake kali. Ndo wengi wakaanza kuzing'oa wakaweka friji za kawaida za nyumbani, kubwa zaidi na rahisi zaidi, halafu wakakutana na yale yale ya ami: sawa gari likichomekwa umeme wa kambini, sawa likitembea, lakini likilala porini usiku friji inalelewa na betri tu.

Na wao pia wakikwama wanakimbilia kuongeza betri. Ndo makosa yenyewe. Betri ni pipa. Sie tunajua mapipa, maji ya bomba yakija usiku wa manane unaamka unajaza kila kitu mpaka sufuria za biriani. Sasa ukiwa na mapipa kumi lakini bomba linatoka kijiuzi na linafungwa baada ya masaa mawili, mapipa yako yana faida gani? Friji inateka 1500 kila siku, basi kila siku lazima irudi 1500 na ziada ya kile kinachopotea njiani. Kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 125 kwa saa. Ami alikuwa na chaja ya ampea 10. Fanya hesabu, zaidi ya masaa kumi na mbili kila siku, kwa jenereta utakunywa petroli mpaka faida ya ubuyu iishe. Ndo maana wenye motahomu wanafunga chaja za ampea 60, 80, 100, jenereta liungurume kidogo lizimwe.

Ila betri ya asidi nayo ina maringo, haikubali kulishwa kwa pupa. Mwanzo inapokea vizuri mpaka ifike volti 14.4 hivi, kufika kama asilimia 80 inaanza kubana koo, asilimia 20 za mwisho zinachukua masaa kadhaa hata chaja iwe kubwa kama kabati. Na usipozimalizia hizo 20, leo, kesho, wiki nzima, sahani zinafanya ukoko wa salfeti mgumu na pipa linapungua ujazo kimya kimya, mtu anakwambia betri nilizouziwa feki kumbe hajawahi kuzijaza hata siku moja. Hapo ndo lithiamu inashinda, unaishusha hadi asilimia 10 au 20 haina neno, na inameza haraka mpaka karibu ya mwisho. Bei yake inaumiza. Tena usiiunge moja kwa moja na alteneta ya gari, ile dinamo inayochaji betri injini ikiwaka, inavuta bila huruma na alteneta inaweza kuungua, kuna chaja maalumu inakaa katikati kuituliza.

Nshaona umuhimu wa ukubwa wa chaja tokea zamani, ila sikujua kama ndo naona. Disemba 2009 waya wa baharini unaoleta umeme Unguja ulipokufa, tukakaa giza mpaka Machi 2010, miezi mitatu. (2008 tulishakaa kama mwezi, tukadhani tumekomaa.) Mjini jenereta kila mlango, maji hayatoki kwa sababu pampu hazina umeme, na kwenye mtaa wetu wenye betri na inverta walikuwa wanapigana na jambo hili hili, jenereta linawashwa masaa mawili jioni, chaja ni ya ampea 5, saa nne ya usiku giza. Kila mtu akailaumu betri.

Kwa ami tulimaliza hivi. Betri mbili za sola za ampea 200 mbali na ile ya gari, na paneli juu ya paa, wati 500 kwa jumla. Kwa jua la masaa matano mazuri inarudi kama 2000 baada ya hasara, siku za masika mawingu yakitanda hairudi hata nusu na siku hiyo anachomeka chaja nyumbani kwa umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla. Waya wa kutoka betri kwenda inverta tukaweka mnene wa kutisha, mfupi, na fyuzi karibu na betri. Ami akalalamika bei ya kopa, lakini wati 1000 za teke la kompresa kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80, waya mwembamba unapata moto na volti zinashuka njiani, inverta inadhani betri imekwisha inazima na kumbe pipa limejaa.

Na kuna ujanja mmoja haukugharimu kitu. Saa sita mchana betri zikijaa, paneli zinabaki hazina kazi, jua linapotea bure. Sasa ami anajaza chupa za maji anazigandisha friza mchana, usiku anapunguza friji. Kilo moja ya barafu mpaka iyeyuke inakunywa joto la kama wati 93 kwa saa moja, chupa tano za lita moja zinaibeba friji usiku mlango ukiwa umefungwa, kompresa inaamka mara chache.

Tabu ni wavuvi. Alfajiri wanakuja pale Jambiani, wanaziona zile chupa zimeganda, wanataka kununua za kuwekea samaki. Ami anawafukuza. "Hizo haziuzwi, hizo betri."