Mswaki wa umeme: wa bei rahisi au wa bei mbaya?

Wiki hii nimeulizwa mara tatu, dokta ninunue mswaki gani wa umeme, huu wa Kariakoo wa kutia betri au ule wa bei mbaya wa supamaketi, na naona mtu anasubiri nimtajie kampuni tu aondoke zake. Hilo swali halijibiki hivyo, ngoja niandike vizuri.

Nianze na mama mmoja aliyekuja analalamika akinywa maji ya baridi meno yanakufa ganzi mpaka machozi yanamtoka. Nikamwangalia, juu upande wa kushoto, pale jino linapoingia kwenye fizi, kuna vijishimo kama mtu kachonga kwa tupa, fizi zimerudi nyuma na shina la jino liko nje. Nikamwambia mama, kesho njoo na mswaki wako. Kesho yake anautoa kwenye mkoba, mswaki wa umeme tena wa gharama, mwanae kamletea toka nje, lakini nywele zote zimelala pembeni kama ufagio wa chelewa uliochakaa, miezi minane kichwa kilekile maana vya kubadilisha hajaviona mjini, halafu anasugua kwa nguvu zake zote kama anavyosugua na mswaki wa kawaida.

Mswaki wa umeme hausuguliwi jamani! Unaushika tu, unauweka usawa wa fizi na jino, unahesabu sekunde mbili tatu, unahamia jino la pili, kazi inafanywa na mota.

Na kweli unasaidia. Mwaka 2014 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaopitia tafiti za afya, walichapisha mapitio ya tafiti 56, wakakuta wanaotumia wa umeme zaidi ya miezi mitatu wanapungukiwa ukoga kwa asilimia 21 na ugonjwa wa fizi kwa asilimia 11 kuliko wa mswaki wa mkono. Kwa mzee ambaye mkono umelegea baada ya kiharusi mimi namsisitizia kabisa.

Sasa hela inaenda wapi. Ile ya bei ya chini kabisa ya betri za kawaida mingi inatetemeka tu, betri ikichoka inatetemeka kivivu na mtu hata hashtuki, kwa hiyo kazi inabaki ya mkono wako. Ukipanda kidogo unapata ya kuchaji, ama kichwa cha duara kinachozunguka huku na huku kama Oral-B, ama kile kirefu kinachotetema kwa kasi kama Sonicare ambayo wenyewe wanasema inapiga mara 31,000 kwa dakika. Zote mbili ni nzuri, chagua unayoipenda mdomoni. Hapo katikati ndipo utakuta vitu viwili ambavyo mimi ningevilipia, taima ya dakika mbili inayostua kila sekunde 30 uhamie robo nyingine ya mdomo, na sensa ya kukuonya ukikandamiza sana, kuna inayowasha kitaa chekundu. Yule mama angekuwa na hicho kitaa angejua mapema, wa kwake pamoja na ughali wote haukuwa nacho. Kuanzia hapo kwenda juu unalipia bluututhi, modi saba, kasha la safari. Sijaona hivyo vikibadilisha mdomo wa mgonjwa hata mmoja.

Kitu kinachosahaulika ni vichwa. Kinabadilishwa kila miezi mitatu, au mapema zaidi nywele zikianza kutawanyika, maana yake vinne kwa mwaka, na baada ya miaka miwili unaweza kukuta vichwa vimekula hela kuliko mswaki wenyewe. Kwa hiyo kabla hujalipa mwambie muuzaji akuonyeshe vichwa vya spea hapo hapo dukani, kama hana hamia mwingine hata kama huo umepunguzwa bei nusu. Na kama ni zawadi toka Marekani geuza chaja usome maandishi ya chini, ikiandikwa 120V peke yake usiichomeke kwenye soketi zetu za 230V, itaungua.

Mama nimemziba vile vijishimo, kanunua wa bei ya kati wenye kitaa na vichwa vinne vya akiba, na jana kaniambia siku mbili za kwanza kitaa kilikuwa kinawaka kila akifika kushoto.