Maziwa Hayaoshi Mapafu

Wiki hii nimelisikia tena lile neno la kwamba maziwa husafisha vumbi kifuani, na safari hii ni kutoka kwa kijana ninayemfundisha kazi mwenyewe. Amepiga msasa miguu minne ya kitanda cha samadari, pua wazi, vumbi la mvule limemjaa mpaka kwenye kope. Namuuliza barakoa iko wapi. "Usijali fundi, nikitoka hapa napitia maziwa."

Maziwa yanashuka tumboni. Vumbi linashuka mapafuni. Ni njia mbili, na huko chini hazikutani. Ile nafuu unayoisikia baada ya glasi moja ni koo limelowa, basi, na maji yangekufanyia vilevile.

Na hili si vumbi la kukohoa likaisha. Tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu; hili hushambulia hasa ndani ya pua. Mvule nao una visa vyake vingine: muwasho, mafua yasiyokwisha, kifua kubana.

Kwa hiyo lizuie lisiingie. Maranda ya patasi hayanitishi, ni mazito, yanaanguka miguuni. Balaa ni msasa. Unywele una unene wa mikroni 70 hivi; mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazifiki hata 10. Huzioni, ila mwanga unapopenya kwenye tundu la msumari pale batini, ndipo unaona hewa yote inacheza. Na mashine ikizimwa bado zinaelea muda mrefu, wakati wewe ushavua barakoa unapangusa kazi.

Ile ya buluu ya hospitali tuliyoizoea wakati wa korona haikai kushikana na uso. Leso vilevile, hata uiloweshe. Nunua barakoa ya kuchuja vumbi, iliyoandikwa FFP2, au N95, ukiweza FFP3, yenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa. Usiifue: nyuzi zake zina chaji ya umeme inayonasa vumbi, na kuifua kunaiharibu. Ukianza kuvuta pumzi kwa nguvu, itupe.

Sasa, FFP2 huzuia angalau asilimia 94 ya chembe, FFP3 asilimia 99. Lakini hiyo ni hesabu ya kichujio, si ya uso wako! Hewa ni kama maji, hutafuta upenyo. Kibati cha puani kisipobanwa kwa vidole vya mikono yote miwili, unavutia pembeni, na kichujio chako cha bei kimekaa bure. Ifunike kwa viganja, vuta pumzi kwa nguvu: iingie ndani kidogo, na usisikie ubaridi machoni. Miwani ikifanya ukungu, inavuja.

Ndevu ndizo zinaninyima raha. Nusu ya mafundi ninaowajua wanafuga kwa sunna, nami siwezi kumwambia mtu anyoe. Wengine hupaka mafuta wakidhani yataziba, hayazibi. Iko kofia yenye feni inayopuliza hewa iliyochujwa usoni, haitegemei kubana, ndiyo dawa hasa, lakini bei yake ni mshahara wa siku nyingi. Mpaka uipate, vaa barakoa juu ya ndevu hivyohivyo, utoe msasa nje, na upepo ukupige ubavuni. Ukikupiga mgongoni, huzunguka ukakurudishia vumbi usoni. Nakiri jibu hili haliniridhishi. Nakiri pia kwamba kwa joto la Februari nimewahi kuivua katikati ya kazi.

Yule kijana nilimvalisha yangu mpya, akakereza kinu kidogo cha mpingo, akapiga msasa mpaka mwisho. Alipoivua nilimpa kioo. Mstari mweusi, mwembamba kama wanja, ulitoka ukingo wa pua ukapanda hadi chini ya jicho la kushoto. Akaupapasa kwa kidole, akanyamaza. Kisha akachukua nyingine, akabana kibati, akaniuliza, "Fundi, hapa bado?"