Je, wajua kwa nini kayaki ya kitambaa haiingizi maji?

Usiku wa tarehe 7 Desemba 1942, nyambizi ya Uingereza HMS Tuna iliibuka karibu na mdomo wa mto Gironde, Ufaransa, na wanamaji wakaanza kutoa nje kayaki zao, yaani mitumbwi myembamba ya kupigia kasia. Zilikuwa sita. Moja, iliyoitwa Cachalot, ilichanika ilipokuwa ikipitishwa mlangoni, na wawili waliotakiwa kuipanda wakabaki. Wenzao kumi walishuka baharini kwenda kulipua meli bandarini Bordeaux, wakiwa ndani ya vyombo vyenye sakafu ya plaiwudi na ubavu wa turubai.

Ubavu wa kitambaa, baharini, tena vitani! Lakini wako watu wengi waliojiundia kayaki za namna hiyo nyumbani: mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mbao nyembamba, kisha turubai la pamba juu yake. Sisemi turubai la plastiki la kuanikia mahindi. Nasema lile zito la kushonea mahema na matanga. Maji hayapiti vipi?

Sehemu ya jibu imo kwenye pamba yenyewe. Uzi wa pamba ukilowa huvimba, na nyuzi zilizofumwa kwa kubana zikivimba pamoja, vitundu vilivyo katikati yake huzibika. Fundi wa jahazi analijua hilo bila kufundishwa: pamba anayoigongomea kati ya mbao wakati wa kukalafati hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na mbao zilizokwisha kunywa maji. Huko Australia wasafiri walikuwa wakining'iniza mbele ya gari mfuko wa turubai uliojaa maji ya kunywa. Haukuwa na rangi wala lami, na bado maji hayakumwagika. Yalichuruzika kidogo kidogo tu, yakakauka kwa upepo, na yaliyobaki ndani yakapoa kama ya mtungini.

Kwa mfuko wa maji, kutoa jasho ni sifa. Kwa kayaki ni balaa: unakaa juu ya kidimbwi, na kitambaa kilicholowa kinazidi kuwa kizito. Ndipo rangi inapohitajika, na hapa wengi hukosea kwa kudhani rangi ni koti la kuvalishwa juu ya kitambaa. Mkono wa kwanza, yaani upakaji wa kwanza, unatakiwa uzame kati ya nyuzi. Mafundi wa mitumbwi ya turubai wa jimbo la Maine, Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19, waliupa umuhimu kuliko rangi yenyewe. Walitengeneza uji wa unga laini wa mawe uliochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, wakausugua kwa mkono mpaka ufumaji ukajaa, kisha wakasubiri wiki kadhaa kabla ya kupaka rangi. Zamani uji huo ulitiwa pia unga mweupe wa madini ya risasi, ambao ni sumu.

Asiye na uji huo huzimua rangi ya mafuta kwa thina, akaisugua kwa brashi ngumu juu ya turubai lililokwisha kuvutwa likakaza kama ngoma. Rangi ya mkono unaofuata haizimuliwi sana, lakini ipakwe nyembamba. Turubai hujikunja kila wimbi linapopiga, na rangi nene iliyokauka ikawa ngumu haiwezi kujikunja nalo. Itapasuka, na maji hupenda ufa. Kati ya mkono mmoja na mwingine msasa upite kwa upole, maana ukizidisha unakata nyuzi.

Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupeperuka kama maji. Hufyonza oksijeni hewani na kugeuka ngozi inayonyumbulika, na kazi hiyo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pembeni yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Mwaka 1991 matambara ya namna hiyo yaliwasha moto katika jengo refu la One Meridian Plaza, Philadelphia, na wazima moto watatu wakafa. Kwa hiyo yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke kabisa.

Ndani ya kayaki mimi ningeacha bila rangi nzito. Adui mkubwa wa pamba ni ukungu, na ukungu hustawi palipofungiwa unyevu. Kitambaa kilichozibwa pande zote mbili, kikipata tundu dogo tu, hunywa maji yasiyo na pa kutokea, na kinaoza huku rangi ya nje bado inang'aa. Baada ya safari kayaki hupinduliwa, ikainuliwa juu ya magogo kivulini, upepo ukapita chini yake. Ikitoboka, kiraka cha turubai lile lile hubandikwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, kikashindiliwa rangi kuanzia mkono wa kwanza.