Notisi ya mkahawa ikiwekwa kwa jirani, hesabu siku 14

Majuzi nilienda Kileleshwa hapa Nairobi kuona mama mmoja aliyepiga simu ofisini kwetu karibu analia. Nyumba ya jirani yake ni zile bangalo za zamani za vigae na ua wa michongoma, ilikaa bila mtu karibu mwaka mzima, alafu mafundi wakaanza kuingia asubuhi na kutoka jioni, yeye akajua tu ni mpangaji mpya anapiga rangi. Siku aliyopiga simu ndo alikuwa ameona bomba kubwa la bati limetokezea ukutani, mdomo wake unatazama dirisha la chumba anacholala mtoto wake mwenye pumu. Ni dohani ya jikoni. Mkahawa wa viti zaidi ya mia unafunguliwa mwezi ujao.

Nikamuuliza, mama, hukuona notisi ya kugeuza nyumba iwe mkahawa? Akasema hapana. Tukatoka tukazunguka mpaka tukaikuta imefungwa kwa waya kwenye michongoma, upande wa barabara ya nyuma, mvua imeilowesha na maandishi yamepauka, tarehe tu ndo inasomeka vizuri. Ilikuwa na wiki 11.

Mimi ni mpangaji miji na kazi yangu kila siku ni kuelezea wakazi mambo haya, na nawaambia ukweli, kesi nyingi za mikahawa mitaani zinapotelea hapo kwa ile karatasi. Sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kugeuza nyumba ya kuishi iwe biashara bila idhini ya kaunti, anayeanza bila idhini anaweza kupigwa faini mpaka shilingi 500,000 au kufungwa miezi miwili, au vyote viwili. Hapa Nairobi anayeomba kubadilisha matumizi anatangaza gazetini na anaweka notisi kwa ploti, inaandikwa namba ya ploti, ilikuwa ya nini, anataka iwe ya nini, na pingamizi zipelekwe wapi kwa maandishi ndani ya siku 14. Sio siku 14 tangu uione wewe, ni tangu itangazwe. Na kuna kitu kingine wengi hawajui, mwombaji akikaa siku 60 bila kujibiwa na kaunti kwa maandishi sheria inachukulia amekubaliwa, kwa hivyo ukinyamaza ukitegemea faili itakwama ofisini hapo umejidanganya.

Usichanganye leseni pia. Mwenye mkahawa akikuonyesha leseni ya biashara, cheti cha afya na ya zimamoto ni sawa anazihitaji, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayogeuza ploti ya makazi kuwa ya biashara. Muulize idhini ya kubadilisha matumizi iko wapi.

Sasa pingamizi lenyewe linaandikwaje, hapa ndo nataka tukae kidogo. Nimesoma barua zenye sahihi mia mbili zilizokusanywa kwa wasap na ndani yake hakuna kitu ila "hatutaki, mtaa wetu unaharibika". Nimesoma pia ukurasa mmoja tu wa mzee mstaafu uliobadilisha mchoro mzima. Yule mzee alikaa kwa geti lake Ijumaa na Jumamosi jioni na daftari, akahesabu magari yanayopita na yanayoegeshwa kando, akapima upana wa barabara kwa futi ya fundi, akaandika mkahawa una meza 40 na nafasi za magari 9, haya mengine yataenda wapi? Ofisa wa mipango akipata kitu kama hicho lazima akijibu, manake kiko kwenye yale anayotakiwa kupima.

Maji taka nayo usiyasahau. Mitaa kama Kilimani, Kileleshwa na Lavington mabomba mengi yaliwekwa enzi za familia moja kwa ploti, alafu magorofa yakaja juu ya mabomba yayo hayo, sasa jiko la kukaanga viazi na kuku kutwa nzima linamwaga mafuta ambayo yakipoa yanaganda kama sabuni ndani ya bomba, na shimo linalofurika sio la mkahawa, ni la jirani aliye chini ya mteremko. Uliza kishimo cha kunasa mafuta kiko wapi kwenye mchoro na kitasafishwa na nani kila baada ya siku ngapi. Uliza dohani inatokea upande gani na inapita paa kwa kiasi gani. Uliza malori ya mboga na gesi yatashusha saa ngapi.

Kelele ina vipimo vyake. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana, na kuanzia saa mbili usiku inashuka mpaka 35, ambayo ni kama watu wananong'ona. Pombe nayo ina leseni yake peke yake, na sheria ya vileo ya 2010 inataka mita 300 kutoka kwa shule za watoto. Mwishoni mwa Novemba 2022 kaunti ya Nairobi ilifuta leseni za klabu za usiku zilizo katikati ya makazi na ikasema baa na mikahawa ya huko izime muziki saa nne usiku, na hapo mi naunga mkono kabisa, juu shida kubwa nimeiona sio mkahawa, ni mkahawa unaoingia na karatasi za mkahawa alafu miezi sita baadaye kuna DJ na spika ukubwa wa friji.

Lakini sipendi pia pingamizi la kukataa kila kitu. Mkahawa unaajiri vijana, na mtaa wa magorofa unahitaji mahali pa kula. Kwa hivyo omba masharti, idhini inaweza kutolewa na masharti ya saa za kufunga, muziki wa ndani tu, paking'i ndani ya ploti, dohani kupanda juu. Na wewe mwenye kuwekeza, tafadhali bisha hodi kwa majirani na mchoro mkononi kabla hujalipa kodi ya mwaka, itakugharimu chai tu.

Uamuzi ukitoka na hujaridhika una siku 14 nyingine kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, ukishindwa huko unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Weka nakala yenye muhuri ya kila barua.

Yule mama siku zake zilikuwa zimeshapita, lakini hatukuishia hapo. Tuliomba kuona mchoro uliopitishwa na tukakuta dohani imechorwa upande wa barabara, inapanda mita mbili juu ya paa, sio pale mafundi walipoitoboa. Kujenga tofauti na mchoro ni kuvunja masharti ya idhini, na kaunti ina nguvu ya kutoa notisi ya kumlazimisha arekebishe. Mama ameandika barua na picha tatu, imepigwa muhuri Jumatatu, na mwenye mkahawa amekubali tukutane pale kwa geti Ijumaa saa nne asubuhi. Nimemwambia aje na mchoro, na fundi wa ile dohani awepo.