Barua ya Mapendekezo Si Cheti cha Tabia Njema

Kati ya Septemba na Desemba, wahitimu wengi wa Mombasa huanza kuwasaka wahadhiri wao kwa ajili ya maombi ya uzamili ng'ambo. Alama wanazo, mtihani wa Kiingereza wamelipia, ila barua wanaiachia bahati.

Dhana: Mwenye cheo kikubwa ndiye mwandishi bora.
Kamati ya udahili haimjui mbunge wako. Inataka kumsikia mtu aliyesahihisha kazi zako. Mhadhiri mchanga aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa nne ana mengi ya kusema. Profesa aliyekufundisha kwenye ukumbi wa watu 200 ataishia kusema ulihudhuria na ukapata B. Vyuo vingi vya Marekani hutaka barua tatu, ufadhili wa masomo wa Chevening wa Uingereza huomba mbili. Kama umefanya kazi bandarini, msimamizi wako anaweza kuandika moja, lakini kwa kozi ya utafiti mbili zitoke kwa waliokufundisha.

Dhana: Barua nzuri imejaa sifa.
"Ni kijana mwenye bidii, nidhamu na heshima." Maneno hayo yanafaa cheti cha tabia njema. Linganisha na haya: "Alipokuwa akipima chumvi ya maji kwenye mikoko ya Tudor, aliona vipimo vya siku ya tatu haviendani na maji kujaa na kupwa. Alisafisha kifaa, akakijaribu kwa maji ya chumvi ya kipimo kinachojulikana, kisha akarudia sampuli zote 12 bila kuambiwa." Hapo msomaji anamwona mtafiti kazini.

Mhadhiri mwenye wanafunzi mamia hakumbuki hayo, na si kosa lake. Mpelekee transkripti, wasifu, rasimu ya maelezo ya malengo yako, orodha ya vyuo na tarehe za mwisho, pamoja na nusu ukurasa wa mambo matatu au manne aliyoyashuhudia mwenyewe. Mwombe pia aeleze alama zetu. Hapa 70 ni A; Marekani A kwa kawaida huanzia karibu na 90, hivyo mgeni akiona 70 hudhani umeponea chupuchupu. Akiweza kuongeza kwamba ulikuwa wa 3 kati ya 64, picha inabadilika kabisa.

Dhana: Andika mwenyewe, Mwalimu atatia sahihi tu.
Ombi hili ni la kawaida mno, na ni hatari. Barua tatu za mkono mmoja hufanana mtindo, na fomu nyingi humtaka mwandishi athibitishe kwamba maneno ni yake. Jibu kwa adabu: "Shikamoo Mwalimu. Nashukuru sana. Chuo kinataka maneno yako, kwa hivyo nimekuandalia vidokezo vya kukukumbusha tu."

Dhana: Wiki moja inatosha.
Omba wiki 6 hadi 8 mapema. Mwisho wa muhula wahadhiri wamezama kwenye kusahihisha mitihani. Uliza wazi kama anakufahamu vya kutosha kukuandikia barua yenye nguvu. Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine, maana barua vuguvugu inadhuru. Mkumbushe wiki 2 kabla, kisha siku 3 kabla.

Dhana: Lazima bahasha yenye mhuri.
Siku hizi vyuo vingi humtumia mwandishi kiungo kwa barua pepe. Toa anwani yake ya chuoni, kwani anwani binafsi huweza kutiliwa shaka. Kiungo huangukia kwenye barua taka mara nyingi, kwa hivyo mpigie simu siku ileile uliyojaza fomu.

Dhana: Usikubali kuacha haki ya kuisoma barua.
Fomu za Marekani huuliza hili kwa sababu ya sheria ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake. Kubali kuiacha haki hiyo. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Dhana: Tarehe ya mwisho ni usiku wa hapa.
Mwezi wa Desemba, saa 5:59 usiku ya New York ni saa 1:59 asubuhi ya siku ya pili Mombasa. Ya California ni saa 4:59 asubuhi. Kwa mwandishi wako, taja tarehe iliyo siku 5 kabla ya hiyo.