Laini ya safari: anza na simu, bei iwe mwisho

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nikifika huko, laini gani ni bei nafuu?" Anauliza mwanafunzi anayeelekea Poland, anauliza anayekwenda Umra, anauliza mfanyabiashara wa Eastleigh anayefuata mzigo Dubai. Kazi yangu hapa katikati ya Nairobi ni kuandaa simu za wasafiri, na jibu langu huwachosha wengine kwa sababu silianzi na bei. Kwanza nataka kuishika simu yenyewe. Kisha nataka kujua ni mambo gani yamefungwa kwenye namba yako ya Kenya. Ndipo tunapozungumza juu ya nchi, na tukifika kwenye bei, laini nyingi zimeshajiondoa zenyewe. Watu hununua laini ya bei nzuri kabisa ambayo simu yao haiwezi kuitumia, ama inashika mtandao vizuri lakini haifungui kile walichokihitaji, na pesa hiyo hairudi.

Chukua simu yako sasa hivi ubonyeze *#06# kama unayepiga. Zitatokea namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, kila moja na tarakimu 15. Zikiwa mbili, simu inabeba laini mbili. Sasa angalia kama kuna mstari ulioandikwa EID, wenye tarakimu 32. Ukiuona, simu yako inakubali eSIM, ile laini isiyo na kadi ambayo unaiweka kwa kuskani msimbo wa QR. Usipouona, eSIM isahau, hata tangazo likikuahidi nini. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel tunazotumia hapa hazina EID, ila zina nafasi mbili za kadi, na kwa msafiri hilo ni jambo kubwa. Upande wa iPhone, eSIM ilianza na XS ya mwaka 2018. Lakini iPhone 14 zilizouzwa Marekani kuanzia 2022 hazina kabisa mahali pa kuingiza kadi, na simu za aina hiyo zimejaa mjini zikiwa zimeshatumika. Mwenye nayo akienda mahali wanapouza kadi za plastiki tu, anabaki kuomba Wi-Fi ya hoteli. Akague hilo kabla ya kukata tiketi, si baada ya kushuka ndege.

Kuna jambo jingine kwa hizo simu zilizotumika. Toa kadi yako uangalie chini yake. Ukikuta kijichipu chembamba kama karatasi kimebandikwa kwenye kadi, simu hiyo bado imefungiwa mtandao fulani wa nje, na kijichipu ndicho kinachoidanganya ikubali laini ya hapa. Ukifika ugenini na kadi mpya, ujanja huo mara nyingi unagoma. Kipimo rahisi ni kuazima laini ya rafiki aliye mtandao tofauti na wako, uiweke bila kijichipu, upige simu. Ikikataa, tatizo litatuliwe Nairobi. Na kama simu yako ni ya kulipia kidogo kidogo, lipa mbele siku zote za safari, kwa sababu ikijifunga uko Kigali au uko Kisumu, imejifunga.

Masafa, yaani mawimbi ambayo simu hutumia kuwasiliana na mnara, ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na mimi siwezi kuiruka. Ulaya, Asia na Afrika kwa kiasi kikubwa tunafanana, kwa hiyo simu ya Nairobi hukaa vizuri London au Mumbai. Marekani ni hadithi tofauti. Kampuni kubwa za huko zilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo hata simu ya sauti sasa hupita juu ya 4G au 5G. Simu iliyotengenezwa kwa soko la Afrika mara nyingi inakosa baadhi ya masafa ya 4G ya kule, hasa yale ya chini ya 600 na 700 MHz, ambayo ndiyo yanayopenya kuta na kufika mbali na miji. Matokeo yake ni kwamba barabarani una mtandao, ukiingia ndani ya nyumba huna. Tena AT&T, mojawapo ya kampuni hizo, ina orodha ya simu inazozikubali, na isiyokuwemo inaweza kukataliwa hata ikiwa na masafa yote. Kwa anayekwenda Marekani, mimi huingiza IMEI yake kwenye ukurasa wa kukagua simu wa kampuni anayoitaka kabla hajatoa hata senti.

Sasa namba yako ya Kenya. Hapa ndipo penye uchungu, kwa sababu namba hiyo si ya kupiga simu tu. M-Pesa iko hapo, benki inatuma hapo namba za uthibitisho, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nayo vivyo hivyo. Mtu akiitoa laini hiyo aweke ya ugenini, akajaribu kulipa karo ya mtoto usiku, ujumbe wa benki unatumwa kwa kadi iliyolala kwenye pochi. Kwa hiyo usiitoe. Iache kwenye nafasi ya kwanza, weka laini ya safari kwenye ya pili, halafu ingia kwenye mipangilio uchague laini ya safari iwe ndiyo ya data, na uzime data ya romingi, yaani ya laini kutumia mtandao wa nchi nyingine, kwenye laini ya Kenya. Kwa kawaida kupokea SMS ukiwa kwenye romingi hakulipiwi. Kupokea simu ndiko kunakolipiwa, na hapo wengi hushangaa: mtu anakupigia kutoka mtaa wa Umoja hapa Nairobi, wewe ndiwe unayekatwa. Waambie watu wako wakupigie WhatsApp. Hakikisha pia romingi ya laini yako imewashwa ukiwa bado Kenya, na uache salio kidogo.

Kama simu yako inabeba laini moja tu, wengi hushauri kubeba kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kwa ajili ya laini ya Kenya. Ni ushauri mzuri kwa safari ya Kampala. Lakini kabambe nyingi zinashika 2G peke yake, na Singapore walizima 2G mwaka 2017, Australia wakamaliza kuizima 2018. Huko kabambe yako itakaa bila mtandao hata ukisimama chini ya mnara. Tafuta ya 4G, zipo, na si ghali.

Na WhatsApp haihitaji laini mpya. Ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa, uendelee na ile ile ya Kenya.

Tukija kwenye nchi, kuna kanuni moja ambayo ukiielewa utajijibia maswali mengi. Laini ya nchi uliyopo huingia intaneti kupitia milango ya nchi hiyo, na lililozuiwa huko limezuiwa kwako pia. Laini ya nje iliyo kwenye romingi hushika mnara wa pale pale, lakini data yake kwa kawaida husafirishwa hadi kwa kampuni iliyoitoa, na ni huko inakoingilia intaneti.

Mama mmoja mwenye duka Kamukunji alinijia akiwa na safari ya Guangzhou.

"Fundi, nipe laini ya China, ile ya gigabaiti nyingi."

"Sawa, mama. Ukifika sokoni utamtumia nani picha za mzigo?"

"Msichana wangu wa dukani. Namtumia WhatsApp, anawaonyesha wateja, wananiambia rangi wanayotaka."

"Basi hiyo haitakufaa."

Alinitazama kama ninayemficha kitu. Nikamwonyesha kwenye karatasi: laini ya China Mobile au China Unicom iliyonunuliwa kule bara inapita milango ya China, na huko WhatsApp, Google na Facebook zimefungwa. Gigabaiti zingekuwa nyingi kweli, lakini picha zisingefika Kamukunji. Laini ya Hong Kong inayoruhusu data China bara hutokea intaneti kupitia Hong Kong, na WhatsApp inafunguka. Vivyo hivyo eSIM nyingi za wasafiri. Romingi ya laini yake ya Kenya nayo ingefungua, ila gharama ni ya kutisha, na data inayozunguka hadi Kenya kisha irudi huchelewa. Kwenye simu ya video mnaishia kukatizana maneno. Akachukua ya Hong Kong. Gigabaiti zake zilikuwa chache kuliko alizotaka, na nilimwambia wazi kwamba hizo chache ndizo atakazozitumia. WeChat, programu ya ujumbe ya China, tuliifungua hapa hapa kwa namba yake ya Kenya, kwa sababu wauzaji wa kule wanaishi humo, na akaunti mpya wakati mwingine hutaka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe. Ni rahisi kumpata mtu huyo Kamukunji kuliko kumtafuta ukiwa umesimama kwenye foleni ya teksi.

Dubai kanuni ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ujumbe wa WhatsApp unapita, ila simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa kwenye laini za huko. Wanaotumia laini ya mahali hupiga kwa programu zilizoruhusiwa kama BOTIM, kwa hiyo mpakulie mama yako programu hiyo kwenye simu yake kabla hujaondoka. VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya intaneti, simshauri mtu. Sheria ya kule ina adhabu nzito kwa anayeitumia kutenda kosa. Uganda, Facebook imezuiwa tangu Januari 2021, na anayeuza bidhaa zake kwa Facebook anapaswa kujua hilo kabla ya kununua bando la Kampala.

Kwa majirani, mara nyingi huhitaji laini mpya kabisa. Mpango wa mtandao mmoja ulioanza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, na Sudan Kusini, ulipunguza sana gharama ya simu za sauti kwa aliye romingi. Data ni habari nyingine, kwa hiyo kwa siku mbili Kigali nunua bando la romingi, kwa wiki mbili nunua laini ya pale. Tanzania haikuwamo mwanzoni, na ukivuka Namanga laini husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti. Nenda kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayeeleweka. Tafadhali usikubali laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata ukiambiwa ni ya saa moja tu. Siku mwenye jina akitafutwa, aliyeishika laini ni wewe. Saudia nako vidole vinahitajika, na msimu wa Hija foleni ni ndefu, kwa hiyo mzee anayekwenda na kundi asiachwe aende kaunta peke yake.

Ulaya imerahisisha mambo. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja bila nyongeza ya romingi, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein. Mwanafunzi wetu wa Poland anaweza kwenda Berlin na laini ile ile, ila asome ni gigabaiti ngapi zinaruhusiwa nje ya Poland, kwa sababu kiwango hicho huwa kidogo kuliko cha nyumbani. Uswisi haimo katika mpango huo. Uingereza pia haimo tangu itoke kwenye Umoja. Anayekaa Uturuki muda mrefu ajue kwamba simu ya nje iliyowekwa laini ya huko hufungwa baada ya siku 120 isiposajiliwa na kulipiwa ushuru.

Hapo ndipo naiangalia bei. Na hata hapo, kabla ya shilingi natazama bando linaisha lini. Bando la siku 7 kwa safari ya siku 10 ni mabando mawili. Neno "bila kikomo" kwenye kadi za wasafiri mara nyingi maana yake ni kasi kamili hadi kiwango fulani, kisha konokono. Uliza kiwango hicho. Uliza kama hotspoti, yaani kugawa data ya simu kwa kifaa kingine, inaruhusiwa, hasa kama unabeba kompyuta ya kazi. Na eSIM nyingi za wasafiri ni za data tu, hazina namba, kwa hiyo huduma ya pale inayotaka kukutumia SMS kwa namba ya nchi hiyo haitakupata. Kwa matumizi, simu ya sauti ya WhatsApp hula chini ya megabaiti moja kwa dakika, ya video hula mara kadhaa zaidi, na video za kutazama ndizo zinazomaliza kila kitu. Ramani za mji unaokwenda zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani.

Ukinunua kaunta ya uwanja wa ndege, usiondoke hapo laini haijafanya kazi. Zima Wi-Fi ya uwanja, kwa sababu hiyo ndiyo inayowadanganya watu waone mtandao upo. Fungua ukurasa wowote. Ukigoma, mwambie muuzaji akuwekee mipangilio ya APN, ile inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni, ni kazi ya dakika chache kwake na ya saa nzima kwako ukiwa peke yako hotelini. Kadi ya Kenya, kama ilibidi uitoe, ibandike kwa selotepu nyuma ya pasipoti.

Na ukirudi, laini ya ugenini itakufa yenyewe baada ya muda usipoiongeza salio, kisha namba yake atapewa mtu mwingine. Kabla hujaitupa, pitia akaunti zote ulizofungua kwa namba hiyo, iwe ya teksi, ya benki ya chuo au ya barua pepe, uhamishie namba yako ya Kenya. Fanya hivyo laini ikiwa bado hai, maana akaunti nyingi zitatuma namba ya uthibitisho kwenye ile ya zamani kwanza.